Kinachopinda na kinacholia: jinsi kompyuta inavyosoma jengo na mashine

Balkoni inayotokeza mbele ya ghorofa pale Kariakoo na kisu kinachotokeza kwenye kishikio cha lethi, mashine inayozungusha chuma ili kichongwe, pale Gerezani ni kitu kimoja machoni pa mhandisi. Vyote viwili ni boriti iliyobanwa upande mmoja na kuachwa huru upande wa pili. Vikipata mzigo vinapinda, na kiasi cha kupinda kinategemea mambo yaleyale: urefu uliotokeza, unene, na ugumu wa malighafi. Urefu ukiongezeka maradufu, ncha inapinda mara 8 kwa nguvu ileile. Fundi anayechonga ndani ya bomba analijua hilo kwa masikio: akikitoa kisu nje kupita kiasi, mashine inaanza kulia.

Hesabu za kubuni miundo na hesabu za kufuatilia mashine zinazokata vyuma hufundishwa katika idara mbili tofauti, na wenye fani hizo mara nyingi hawakutani. Lakini ni ukoo mmoja. Moja inauliza kabla ya kazi: nikiweka nguvu hii, kitu hiki kitajibuje? Nyingine inauliza kazi ikiwa inaendelea: kwa jinsi kinavyojibu, kuna nini ndani yake? Ninaamini kwa dhati kwamba anayeelewa swali la kwanza ameshafika nusu ya safari ya kulielewa la pili, na kwamba hatari kubwa katika yote mawili inafanana: kuiamini picha nzuri ya kompyuta bila kujua imetoka wapi.

Tuanze na kitu kinachoweza kuhesabiwa kwa kalamu. Chukua bimu ya zege ya mita 6 kati ya nguzo mbili, upana milimita 250, kina milimita 500, saizi ya kawaida kabisa kwenye maghorofa yanayopanda Sinza na Mbezi. Ibebeshe tani 2 kwa kila mita, yaani kilonyutoni 20 hivi. Mhandisi anachukua mzigo, anauzidisha kwa urefu, kisha kwa urefu tena, anagawa kwa 8, anapata kilonyutoni-mita 90. Hiyo ndiyo nguvu ya kupinda iliyopo katikati ya bimu, na kutokana nayo anachagua nondo. Kwa hesabu nyingine anaona kwamba katikati itashuka kama milimita 5 kabla zege haijaweka nyufa, na zaidi ya hapo ikishaziweka. Zege huweka nyufa nyembamba upande wa chini hata bimu ikiwa salama. Ndiyo sababu tunaipa nondo.

Katika hesabu hiyo ya mshuko, urefu unazidishwa kwa wenyewe mara nne. Mwenye nyumba akisema, “Injinia, hebu sogeza hiyo nguzo kidogo gari ipite,” na bimu ikatoka mita 6 hadi 7.2, urefu umeongezeka kwa asilimia 20 tu, lakini mshuko umekuwa zaidi kidogo ya maradufu. Kina nacho kinasaidia kwa nguvu kubwa: kikiongezwa maradufu, bimu inakuwa ngumu mara 8. Ndiyo maana fundi wa paa anausimamisha ubao wa 2 kwa 6 kwa ubavu. Akiulaza, ugumu unaobaki ni sehemu moja tu kati ya tisa.

Kalamu inachoka pale kitu kinapoacha kuwa bimu moja. Ghorofa ni nguzo, bimu na slabu zilizoungana, na ukisukuma moja zote zinasogea, kila moja ikirudisha nguvu kwa jirani zake. Mwaka 1930 Hardy Cross, profesa wa Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, alichapisha njia ya kugawa nguvu hizo kwenye maungio kwa kurekebisha kidogokidogo, duru baada ya duru, mpaka tofauti inakuwa ndogo isiyo na madhara. Kwa miongo kadhaa wahandisi walihesabu majengo kwa njia hiyo, karatasi juu ya karatasi.

Lakini ubawa wa ndege, au ukuta wa tangi wenye umbo lisilo la kawaida, hauna maungio ya kuanzia. Ni bati au zege mfululizo. Mwaka 1943 mwanahisabati Richard Courant alionyesha kwamba umbo la namna hiyo linaweza kugawanywa kuwa pembetatu nyingi, kila moja ikihesabiwa kwa kanuni rahisi. Mwaka 1956 Turner, Clough, Martin na Topp, katika kazi iliyoanzia kiwanda cha Boeing, walichapisha jinsi ya kutumia vipande kama hivyo kuhesabu ugumu wa mabawa ya ndege. Mwaka 1960 Ray Clough aliipa njia hiyo jina inalotumia mpaka leo, ambalo kwa Kiswahili tunaweza kuliita njia ya vipande vyenye kikomo.

Wazo lenyewe halihitaji shahada. Unakigawa kitu kuwa vipande vidogo vinavyokutana kwenye nukta, na nukta hizo tunaziita nodi. Kwa kila kipande unajua ugumu wake: ukiisogeza nodi hii kiasi fulani, kitarudisha nguvu kiasi gani. Kisha unaweka sharti kwamba kwenye kila nodi nguvu zote zisawazike, kwa sababu jengo limesimama, haliendi popote. Kila nodi ya fremu, yaani nguzo na bimu zilizoungana, ina miondoko sita, mitatu ya kusogea na mitatu ya kuzunguka. Jengo lenye nodi 30,000 linakupa mambo yasiyojulikana 180,000, na milinganyo 180,000 ya kuyapata. Hakuna binadamu atakayemaliza hesabu hiyo kwa mkono. Kompyuta ndogo ya ofisini inaimaliza ukiwa unakunywa chai.

Inapomaliza inakupa picha: bluu pale penye utulivu, kijani, njano, halafu nyekundu pale palipokazwa. Picha hiyo inashawishi sana. Mteja akiiona anatulia, na mhandisi kijana akiiona naye anatulia. Ninachotamani kila anayefungua programu za kuhesabu majengo kama ETABS, SAP2000 au Prokon akikumbuke ni kwamba rangi zile zinaeleza vipande alivyovichora yeye, kwa ukubwa aliouchagua yeye. Kati ya nodi na nodi, kompyuta imekisia kwa kanuni rahisi. Vipande vikiwa vikubwa pale ambapo nguvu inabadilika ghafla, makisio yanapita juu ya kilele na kukuonyesha mteremko mpole.

Agosti 23, 1991, karibu na Stavanger nchini Norwei, hilo lilitokea kwa gharama ya kutisha. Sleipner A lilikuwa jukwaa la kuchimbia gesi baharini, na kitako chake kilijengwa kwa zege, vyumba 24 vikubwa vilivyoshikana. Vyumba vya mviringo vikikutana vitatu vitatu vinaacha katikati uwazi mdogo wenye pembe tatu, ambao maji ya bahari huingia na kusukuma kuta kutoka ndani. Kitako kilikuwa kinazamishwa taratibu kama sehemu ya matayarisho. Kilipofika kina cha mita kama 65, ukuta wa uwazi mmojawapo ulipasuka, maji yakaingia kwa kasi kuliko pampu zilivyoweza kuyatoa, na kitu kizima kikaenda chini. Kilipogonga sakafu ya bahari, mitambo ya kupima matetemeko ilisoma ukubwa wa 3. Watu wote waliokuwamo waliokolewa. Hasara ilikadiriwa kufika dola za Marekani milioni 700.

Uchunguzi ulirudi kwenye hesabu. Programu iliyotumika ilikuwa NASTRAN, iliyozaliwa katika shirika la anga la NASA miaka ya 1960 na kutumika kila mahali. Programu haikuwa mbovu. Vipande vilivyochorwa kwenye zile kuta za pembe tatu vilikuwa vikubwa na vimepindapinda, na nguvu inayotaka kuukata ukuta ilikisiwa pungufu kwa asilimia 47. Kutokana na kosa hilo kuta zikawa nyembamba, na nondo za mahali penye shida zikawa fupi. Waliporudia hesabu kwa vipande vidogo, jibu lilikuwa kwamba ukuta ungeshindwa kwenye kina cha mita 62. Ulishindwa kwenye 65. Kwa maneno mengine, njia ileile iliyodanganya ilisema ukweli karibu kabisa baada ya kuulizwa vizuri. Mimi naona hilo ndilo jambo la kulishika zaidi katika mkasa wote.

Kinga zake ni za bei nafuu. Gawa upya sehemu yenye wasiwasi, vipande viwe nusu ya ukubwa wa mwanzo, uhesabu tena. Namba ikihama sana, hujafika. Jumlisha nguvu zote chini ya nguzo. Zisipolingana na uzito wa jengo na mizigo yake, kuna kitu umekosea kukiingiza. Halafu chukua bimu moja, nguzo moja, uihesabu kwa kalamu kama tulivyofanya juu. Ikitofautiana na kompyuta kwa asilimia 10 au 15 unaweza kueleza kwa nini. Ikitofautiana mara tatu, usichapishe mchoro.

Kwa Dar es Salaam kuna tabaka jingine la shaka, nalo liko nje ya kompyuta. Programu inaambiwa zege ina nguvu ya nyutoni 25 kwa kila milimita ya mraba. Inaamini. Kwenye saiti kokoto zinapimwa kwa ndoo, mchanga una chumvi au hauna, na kibarua anaongeza maji kwa sababu zege imekuwa nzito kusukuma. Mchemraba wa milimita 150 uliovunjwa maabara baada ya siku 28 ndio utakaosema zege ile ina nguvu kiasi gani kweli, na mchemraba huo hauna maana kama umejazwa kutoka ndoo iliyoandaliwa kwa ajili ya kipimo. Mchoro unasema ringi, vile vyuma vyembamba vinavyozungushiwa nondo, ziachane milimita 150. Zikifungwa kila milimita 300, mchango wa ringi katika kuzuia bimu isikatike umepungua nusu, na hakuna rangi itakayobadilika kwenye skrini. Programu inaambiwa kitako cha nguzo kimekaza, hakizunguki. Udongo laini wa bonde la Msimbazi haujaliona sharti hilo, na hautalitii kama udongo wa mwinuko wa Goba.

Mji huu una sababu ya kuyachukulia mambo haya kwa uzito. Machi 29, 2013, jengo lililokuwa linajengwa katikati ya mji, mtaa wa Indira Gandhi, lilianguka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024, ghorofa la Kariakoo lilianguka likiwa limejaa wafanyabiashara na wateja, likaua watu zaidi ya 20. Simuelezi mtu chanzo cha ajali hizo. Hiyo ni kazi ya waliozichunguza. Ninachosema ni kwamba hesabu ya jengo haimaliziki ofisini, na mhandisi ambaye haendi saiti anahesabu jengo ambalo halipo.

Kompyuta ina kazi nyingine kwenye ubunifu ambayo nitaipita haraka: kutafuta umbo bora. Tuseme una makundi 20 ya bimu, na kila kundi linaweza kupewa saizi moja kati ya tano. Michanganyiko inayowezekana inakaribia trilioni 95. Huwezi kuijaribu yote. Njia moja, inayotokana na kazi ya John Holland aliyoichapisha mwaka 1975, inaanza na michoro kadhaa ya kubahatisha, inatupa iliyo ghali au dhaifu, inachanganya iliyobaki na kubadilisha kidogo hapa na pale, kizazi baada ya kizazi. Njia nyingine, iliyoanzishwa na Bendsøe na Kikuchi mwaka 1988, inaanza na donge zima la malighafi na kuliondolea sehemu zisizobeba kitu mpaka libaki umbo jepesi lenye matawi kama mfupa. Zinavutia. Lakini bei ambayo kompyuta inaipunguza ni ile uliyoiambia. Ukiiambia bei ya malighafi tu, itakuletea saizi zilizochanganyika, na fundi wa fomu atapoteza mbao na siku kila saizi inapobadilika.

Mpaka hapa kila kitu kimesimama. Tuongeze mwendo, kwa kuwa hapo ndipo jengo na lethi vinapokutana. Kitu chochote chenye ugumu na uzito kina mtetemo wake wa asili, idadi ya mara kwa sekunde ambayo kitacheza ukikigusa na kukiacha. Ugumu ukiongezeka, unaongezeka. Uzito ukiongezeka, unapungua. Kwa maghorofa kuna kadirio la haraka ambalo wahandisi hulitumia kabla ya kufungua kompyuta: gawa idadi ya sakafu kwa 10, utapata sekunde za pigo moja. Jengo la sakafu 10 linakwenda na kurudi kwa sekunde 1 hivi. Usiku wa Agosti 12, 2020, tetemeko la ukubwa wa 6.0 lilipotokea baharini kusini mashariki mwa mji, watu wa maghorofani Dar waliuhisi mjibizo huo kwa miguu yao.

Hatari inakuja nguvu ya nje inapogonga kwa mapigo yanayolingana na ya kitu chenyewe. Mtoto kwenye bembea husukumwa kidogo tu, lakini akisukumwa kila anaporudi, anapanda juu kabisa. Kinachozuia mtetemo usikue bila mwisho ni msuguano wa ndani, jinsi malighafi na maungio yanavyokula nguvu na kuigeuza joto. Ugumu, uzito, na ulaji wa nguvu: ukizijua hizo tatu, unajua karibu kila kitu kuhusu jinsi kitu kitakavyocheza.

Ukigeuza hesabu hiyo, inakuwa kipimo. Daraja la Nyerere, linalounganisha Kurasini na Kigamboni tangu Aprili 2016, lina urefu wa mita 680, na sehemu yake ya kati inabebwa na nyaya zinazoshuka kutoka minarani. Mvuto uliomo ndani ya waya wa aina hiyo unaweza kupimwa bila kuukata wala kuufungua: unabandika kipima mtetemo, unasoma unacheza mara ngapi kwa sekunde, na kwa kuwa urefu na uzito wake vinajulikana, mvuto unajitokeza. Mvuto unakwenda kwa mraba wa mtetemo. Mtetemo ukishuka kwa asilimia 5, waya umelegea kwa karibu asilimia 10. Hivyo ndivyo madaraja ya nyaya yanavyopimwa afya duniani.

Sasa twende karakana. Shafti ya mashine ya kusaga unga imefungwa kwenye lethi, kipenyo milimita 50, inazunguka mara 300 kwa dakika. Kijana anayejifunza kazi anakata, na ghafla chuma kinapiga yowe.

“Mzee, inalia.”

Fundi hata hajageuka. “Simamisha. Rudisha kisu ndani, kimetoka sana. Halafu punguza mwendo tusikie.”

Ukiichukua shafti ile na kupitisha ukucha juu yake, unasikia mistari midogo iliyoachana kwa umbali sawa. Mistari hiyo imeandika kila kitu. Mzingo wa shafti ni milimita 157, inazunguka mara 5 kwa sekunde, kwa hiyo uso wake unapita mbele ya kisu kwa milimita 785 kila sekunde. Mistari ikiachana milimita 3, kisu kilikuwa kinacheza kama mara 262 kwa sekunde. Gawa kwa mizunguko 5: mawimbi 52 na nusu kasoro kidogo kwa kila mzunguko. Hiyo “nusu kasoro kidogo” ndiyo chanzo cha kelele. Kisu kinaporudi baada ya mzunguko mmoja, kinakuta mawimbi kiliyoyaacha. Kama mawimbi yangekuwa 52 kamili, kisu kingepanda na kushuka sambamba nayo na unene wa chuma kinachokatwa usingebadilika. Yakiwa na kipande cha ziada, kisu kinashuka pale uso unapopanda. Unene unabadilika, nguvu inabadilika, kisu kinarushwa zaidi, na kinaacha mawimbi makubwa zaidi kwa mzunguko ujao. Mtetemo unajilisha wenyewe.

Frederick Taylor, mhandisi wa Marekani aliyetumia miaka 26 kujaribu ukataji wa vyuma, alikiri katika kazi yake iliyotoka mwaka 1907 kwamba tatizo hili lilikuwa miongoni mwa yaliyofichika zaidi kwa mafundi. Maelezo niliyotoa hapo juu yalikamilika miaka ya 1950, kwa kazi za Tobias nchini Uingereza na Tlusty nchini Chekoslovakia. Kutokana nayo huchorwa ramani yenye mapindo: mwendo wa mashine upande mmoja, kina cha kukata upande wa pili, na mpaka kati ya ukimya na yowe. Ramani hiyo ina jambo linaloshangaza. Kwenye mashine ya milingi, ambayo kisu chenye meno ndicho kinachozunguka, yenye mwendo mkubwa, kuna wakati dawa ni kuongeza mwendo, mpaka mawimbi yaangukie idadi kamili. Kwenye lethi ya taratibu yenye mawimbi 52 kwa mzunguko mapindo yamebanana hayasaidii, na ushauri wa mzee wa kupunguza mwendo uko sahihi kwa sababu nyingine: kwa mwendo mdogo tumbo la kisu, ule uso wake unaoelekea chuma kilichokatwa, linasugua mawimbi, na msuguano huo unakula mtetemo. Na kurudisha kisu ndani ni ile hesabu ya balkoni. Kisu cha chuma cha kuchongea ndani kisitokeze zaidi ya mara 4 ya kipenyo chake.

Taylor aliacha pia kanuni ya uhai wa kisu, inayotumika mpaka sasa. Kwa kisu cha kabaidi, malighafi ngumu kuliko chuma, ukiongeza mwendo wa kukata kwa asilimia 20, uhai wake unapungua hadi nusu hivi, kwa sababu mwendo unazidishwa kwa wenyewe mara nne, kama urefu wa bimu yetu. Kwa kisu cha haispidi, yaani cha chuma maalumu cha kukatia, ambacho karakana nyingi za mtaani hukitumia, adhabu ni kali zaidi: unabaki na chini ya robo. Kipimo cha kimataifa cha kusema kisu kimekwisha ni pale tumbo lake linapolika milimita 0.3. Kulisoma hilo kunahitaji kusimamisha mashine na kuchukua hadubini, na hakuna anayefanya hivyo kila baada ya dakika kumi. Kwa hiyo tunasikiliza.

Kusikiliza kwa kompyuta kunasimama juu ya wazo la Joseph Fourier, Mfaransa aliyechapisha kitabu chake kuhusu joto mwaka 1822: mtikisiko wowote, hata ukionekana vurugu tupu, unaweza kuvunjwa kuwa jumla ya mawimbi laini, kila moja na kasi yake, yaani idadi ya mara linavyocheza kwa sekunde. Kelele ya karakana ikipita kwenye hesabu hiyo inatoka kama orodha: kasi hii ina nguvu kiasi hiki, ile kiasi kile. Kwa vipimo 1,024 hesabu ya moja kwa moja inadai mazidisho zaidi ya milioni moja. Mwaka 1965 Cooley na Tukey walichapisha njia ya mkato inayohitaji kama 10,000. Bila mkato huo kusingekuwa na kifaa kidogo cha kufuatilia mashine papo kwa papo.

Ona inavyosomwa. Kisu cha milingi chenye meno 4 kinazunguka mara 1,500 kwa dakika, sawa na mara 25 kwa sekunde. Meno yanagonga chuma mara 100 kwa sekunde. Kazi ikiwa safi, orodha itaonyesha vilele kwenye 100, 200, 300. Kilele cha 25 kikikua, jino moja limemeguka au kisu hakijakaa katikati, maana kuna jambo linalotokea mara moja tu kwa mzunguko. Kikiibuka kilele kwenye 730, ambayo haigawanyiki kwa 25, basi si meno yanayogonga. Ni kitu fulani kwenye mashine kinacheza kwa mtetemo wake wa asili, na yowe liko njiani hata kama sikio bado halijalisikia.

Vifaa vinatofautiana bei kwa mbali. Kipima nguvu cha kubandika chini ya kipande kinachokatwa ni sahihi na ni ghali. Kipima mtetemo ni cha kati. Kipima umeme wa mota kinachovishwa kwenye waya ni rahisi kuliko vyote, na kisu kikilika mota inavuta umeme zaidi. Hasara yake ni kwamba hakioni mambo ya haraka. Hata simu ina kazi yake, ukijua mpaka wake. Ili kuona mtetemo fulani lazima upime angalau mara mbili ya kasi yake. Kihisi mwendo cha simu hupima mara mia chache kwa sekunde, hivyo kile kilele cha 730 hakitakiona kabisa, au kitakionyesha mahali pasipo pake. Maikrofoni ya simu ileile hurekodi mara 44,100 kwa sekunde, na programu ya bure ya kuchora sauti itakionyesha waziwazi, mradi jirani hasagi chuma kwa grainda wakati huohuo.

Siku hizi hatua ya mwisho, ya kuamua kama kisu kizima au kimekwisha, mara nyingi hukabidhiwa mtandao wa neva, programu inayojifunza kwa mifano. Njia ya kuufundisha ilienea baada ya kazi ya Rumelhart, Hinton na Williams ya mwaka 1986. Unaupa maelfu ya rekodi, kila moja ikiwa na jibu lake, unajirekebisha mpaka makosa yapungue. Hapa ndipo ninapowasihi wanafunzi wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Mlimani na wa Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) wasije na haraka. Mtandao uliofundishwa kwa lethi mpya iliyokaa juu ya sakafu nene, ikikata chuma cha aina moja, umeijifunza lethi ile. Ukiuhamishia mashine ya miaka 40 pale Vingunguti, yenye njia zilizolika na umeme unaopanda na kushuka, ikikata ekseli ya lori iliyonunuliwa chakavu, utatoa jibu kwa uhakika uleule na jibu litakuwa la mashine nyingine. Ni kosa la Sleipner kwa sura mpya: kompyuta imeulizwa kuhusu mahali ambapo hakuna aliyeweka vipande vya kutosha.

Kazi inayohitajika kwanza, basi, ni rekodi za mashine zetu wenyewe, na inaweza kuanza bila mtandao wa neva wowote. Siku kisu kipya kinapofungwa, rekodi sekunde 30 za kukata, kwa mwendo na kina vinavyojulikana. Rudia kila asubuhi kwa mwendo na kina vilevile. Pembeni andika aina ya chuma, kiasi cha kisu kilivyotokeza, nani alikuwa kwenye mashine, na kama kuna beringi iliyobadilishwa. Kisu kinapotolewa, pima kilivyolika kabla ya kukinoa, uandike. Na mzee akisema “hii imeanza kuchoka” kabla kilele chochote hakijaonekana kwenye skrini, andika saa na dakika aliyosema, kwa sababu huo nao ni usomaji, na utataka kujua baadaye alisikia nini.